Mukuru: kaya laki moja zilivyoketi kumi kumi kupanga mtaa

Agosti 2017 Wakenya walikuwa na uchaguzi mkuu mdomoni, na tangazo dogo la Kaunti ya Jiji la Nairobi katika gazeti rasmi la serikali likawapita wengi. Lilisema kwamba Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani sasa ni eneo maalumu la mipango. Katika mitaa ya mabanda watu wamezoea tangazo la serikali linalowapa siku chache wahame. Hili lilikwenda kinyume: kaunti ilijipa muda wa kuandaa mpango wa mtaa huku watu wakiwa ndani yake, na ujenzi mpya usimame hadi mpango ukamilike.

Kilichofuata ni mojawapo ya mikusanyiko mikubwa zaidi ya ujirani kupanga mambo yake iliyowahi kujaribiwa katika jiji la Afrika Mashariki. Nakieleza kisa hiki kwa sababu mara nyingi husimuliwa kwa namna mbili, zote pungufu. Wapo wanaokisifu kana kwamba mikutano peke yake ilileta mabomba na barabara. Wapo wanaokibeza kwa sababu ya ubomoaji wa 2021, kana kwamba mikutano yote ilikuwa kupoteza muda. Nionavyo mimi, Mukuru walivumbua njia halisi ya kumsikiliza kila mtu. Kilichowaponyoka ni jambo jingine kabisa: ni nani aliyelazimika kufuata kile walichokubaliana.

Mtaa wa mabati juu ya ardhi ya watu

Mukuru iko kusini mashariki mwa katikati ya Nairobi, imebanana na viwanda vya Industrial Area, na mto Ngong unapita kando yake. Ni zaidi ya ekari 600. Waliohesabu wakati wa kuandaa mpango walipata kaya 100,561. Chumba cha kawaida ni futi kumi kwa kumi, kuta za mabati na paa la mabati, na zaidi ya asilimia 90 ya wakazi ni wapangaji. Alfajiri utakuta vibarua wamepanga foleni kwenye mageti ya viwanda wakingoja kuitwa. Asiyeitwa hurudi nyumbani kutafuta kazi ya kufua au ya mjengo.

Ardhi yenyewe ndiyo fundo. Sehemu kubwa ilikuwa ya serikali, na katika miaka ya 1970 na 1980 ikagawiwa kampuni na watu binafsi kwa hati za kukodi, kwa sharti kwamba wajenge viwanda vidogo. Wengi hawakujenga. Baadhi walichukua hati hizo wakaziweka rehani benki. Watu wakaja kufanya kazi viwandani, wakajenga mabanda, yakawa vijiji: Sisal, Wapewape, Vietnam, Kosovo, Lunga Lunga, Sinai. Kwenye karatasi palikuwa na kiwanja cha kiwanda, na juu ya ardhi hiyohiyo palikuwa na watoto wanaokwenda shule.

Kwa kuwa mtaa haukutambulika, huduma rasmi hazikuingia, na pengo hilo likajazwa na wachuuzi. Stima ilivutwa kwa nyaya za kuunganisha gizani. Maji yaliuzwa kwa mtungi kutoka mabomba ya plastiki yaliyopita ndani ya mitaro ya maji machafu. Vyoo vilikuwa vya shimo, kimoja kwa ploti nzima au zaidi. Tarehe 12 Septemba 2011 petroli ilivuja kutoka bomba la mafuta linalopita Sinai, watu wakakimbilia kuchota, moto ukalipuka na zaidi ya watu 100 wakafa. Baada ya msiba ule serikali ilizungumza kuhusu kuwahamisha waliojenga juu ya njia ya bomba. Swali la mahali pa kuwapeleka halikupata jibu la maana.

Upande wa pili kulikuwa na watu waliojipanga. Muungano wa Wanavijiji, mtandao wa wakazi wa mitaa ya mabanda nchini Kenya, ulianza 1996 kupinga ubomoaji, kisha ukajenga mizizi kupitia vikundi vya kuweka akiba: shilingi chache kila siku, kitabu, mweka hazina, mkutano wa kila wiki. Pamoja nao walikuwapo SDI-Kenya, shirika linalofanya kazi na wakazi wa mitaa ya mabanda, na Akiba Mashinani Trust, taasisi iliyokuwa ikiongozwa na wakili Jane Weru. Vikundi hivi havikuanza Mukuru siku ya tangazo la 2017. Wakazi walikuwa wameshakwenda mahakamani kuzuia wasifukuzwe, na wanawake wa Mukuru walikuwa wamekwisha kuandamana kudai vyoo. Anayetaka kuiga Mukuru na kuanzia kwenye mkutano wa kwanza, bila ile miaka ya kuweka akiba pamoja na kujuana, anaanzia katikati ya hadithi.

Takwimu zilizobadili mazungumzo

Kabla ya tangazo, watafiti kutoka Chuo Kikuu cha Nairobi, Strathmore na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walifanya utafiti pamoja na wakazi wenyewe kuhusu maisha ya Mukuru. Matokeo yake yaligusa mfuko. Mkazi wa Mukuru alikuwa akilipia maji hadi asilimia 172 zaidi, kwa kipimo kilekile, kuliko mtu wa mtaa rasmi. Stima alilipia kati ya asilimia 45 na 142 zaidi. Uchumi wa mtaa huo wote ulikadiriwa kufikia shilingi bilioni 7 kwa mwaka.

Hapo ndipo mjadala ulipogeuka. Kwa miaka mingi kauli ya maofisa ilikuwa kwamba watu wa mabanda hawana uwezo wa kulipia huduma, kwa hiyo kuwapelekea mabomba ni kuwapa msaada. Takwimu zilionyesha kwamba wanalipa, tena wanalipa kupita kiasi, na fedha hizo zinaingia kwa wachuuzi wa gizani badala ya kampuni ya maji ya jiji. Ofisa anayeulizwa kwa nini hakusanyi mapato yaliyo wazi hivyo yuko katika hali tofauti na yule anayeombwa huruma. Wakazi waliokuwa wameshika dodoso, wakaenda mlango kwa mlango wakiwauliza majirani wananunua mtungi kwa shilingi ngapi, waliingia mikutanoni wakiwa na hoja yao wenyewe. Hawakuhitaji mtu wa kuwasemea.

Mlango wa kisheria nao ulikuwepo. Kifungu cha 23 cha Sheria ya Mipango ya Maeneo ya 1996 kiliruhusu eneo lenye matatizo ya pekee litangazwe kuwa eneo maalumu, na ujenzi mpya usimamishwe kwa muda usiozidi miaka miwili mpango ukiandaliwa. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inazipa kaunti kazi ya kuhakikisha jamii zinashiriki katika utawala. Kifungu cha zamani na katiba mpya vikakutana Mukuru. Mtaa wa mabanda wa ukubwa huo haukuwa umewahi kupangwa kwa njia hiyo Kenya.

Hesabu ya kumi kumi

Kila mtu nchini Kenya anaufahamu mkutano wa kushirikisha umma jinsi ulivyo. Tangazo gazetini, hema, viti vya plastiki, soda, meza kuu, karatasi ya mahudhurio ya kusaini. Mkutano huitwa saa nne asubuhi siku ya kazi, kwa hiyo kibarua wa kiwandani hayupo, mama wa kibanda cha mboga hayupo, na anayekuja ni yule asiye na pa kwenda au anayetarajia nauli. Maswali matatu yanachukuliwa, mwakilishi wadi anahutubia, na zile saini zinawekwa kwenye faili kuwa ushahidi kwamba umma ulishirikishwa. Katika ukumbi wa watu 300, Mukuru ingewakilishwa na kaya tatu katika kila elfu moja.

Wapangaji wa Mukuru waliikataa hesabu hiyo. Walianzia chini kabisa: kaya kumi zinazopakana zinaunda kikundi kimoja, kikaitwa Tujuane Tujengane. Vikundi kumi vinaungana kuwa kundi la kaya mia. Juu yake mtaa wote uligawanywa katika sehemu 13, kila moja na jukwaa lake.

Fanya hesabu uone kwa nini ngazi hizi zinahitajika. Kaya laki moja zikigawanywa kwa kumi zinatoa vikundi zaidi ya 10,000. Hata ukimwita mtu mmojammoja kutoka kila kikundi unahitaji uwanja wa mpira, na katika uwanja wa mpira hakuna mazungumzo, kuna hotuba tu. Kwa ngazi ya mia unapata watu kama 1,000, bado ni wengi. Ukigawa kwa sehemu 13, kila sehemu ina kaya zipatazo 7,700, yaani wawakilishi wa mia wapatao 77. Hao wanaenea katika ukumbi wa kanisa au darasa mbili za shule zilizounganishwa, na mtu akisimama kusema, wa nyuma anasikia. Zaidi ya hayo, kila mmoja wa hao 77 ana watu kumi anaoweza kuwarudia jioni ileile, na kila mmoja wa kumi hao ana majirani tisa anaochota nao maji.

Kwangu mimi kurudi huko chini ndiko kulikoupa mfumo nguvu. Mikutano mingi ya umma hupandisha maneno juu na kuyaacha hukohuko. Katika kikundi cha kaya kumi, aliyetumwa hawezi kurudi akisema mlikubali hiki ilhali hawakukubali, kwa sababu wanalala ukuta kwa ukuta na mabati hayazuii sauti.

Kuna mkanganyiko ambao Mkenya yeyote angeuona mara moja. Mwaka 2013 serikali ya Kenya ilianzisha mpango wa usalama wa Nyumba Kumi, ulioazimwa kwa majirani wa Tanzania, ambako mabalozi wa nyumba kumi walianza enzi za TANU katika miaka ya 1960. Nyumba Kumi ya Kenya iko chini ya machifu na inahusu kujua nani mgeni na nani mhalifu. Idadi ni ileile, kazi ni tofauti. Katika mtaa ambao chifu ndiye hutangaza ubomoaji, kuunda vikundi vya watu kumi kunahitaji maelezo marefu kuliko mahali pengine, na jina la Tujuane Tujengane lilisaidia kuonyesha kwamba hapa watu wanakutana kujenga.

Warsha za kitaalamu, na mita chache za barabara

Ngazi za wakazi zilikuwa upande mmoja. Upande mwingine kazi ya kitaalamu iligawanywa kwa makundi manane: makazi na miundombinu, afya, elimu na vijana, ardhi na taasisi, maji na usafi na nishati, fedha, mazingira, na uratibu wa jamii. Zaidi ya mashirika 40 yalishiriki, vikiwemo vyuo vikuu na mashirika ya kiraia, na kila kundi lilifanya kazi na idara ya kaunti inayohusika. Kila kundi liliandaa warsha zake, likaleta ramani na mapendekezo kwenye sehemu 13, kisha likarudi na majibu ya wakazi.

Mambo mengine yalikwenda haraka, nami nayapita. Palipokuwa pagumu ni barabara na choo.

Ukifuata viwango vya kawaida vya mipango miji, barabara ya mtaa inahitaji upana ambao Mukuru hauna. Chora barabara hizo juu ya ramani ya mabanda na maelfu ya kaya wanapoteza vyumba vyao, wapate barabara ambayo hawana gari la kuipitisha. Lakini bila barabara yoyote, gari la zimamoto haliingii, na Mukuru inajua moto. Kwa hiyo warsha hazikuhusu swali la jumla la kama watu wanataka barabara. Zilihusu ipi, wapi, upana gani, na ni vyumba vya nani vitakavyosogezwa. Hapo watu kumi wanaoishi mstari mmoja wana uwezo ambao mhandisi hana: wanajua ni ploti ipi tayari ina nafasi nyuma, ni landlodi yupi anaweza kukubali kujenga kwenda juu, na ni kichochoro kipi watu wanapita hata kama ramani haikionyeshi. Msimamo uliotokea, wa kupunguza upana ili watu wabaki mtaani, ulikuwa uamuzi wa kupanga kwa maana halisi ya neno hilo. Uliwagharimu baadhi ili wengine wapate, na ulifanywa na watu wanaojuana kwa majina.

Kwa vyoo, njia iliyozoeleka na wafadhili wengi ni kujenga jengo moja la choo cha umma, kulipaka rangi, kuweka bango. Mtu analipa kila anapoingia, na usiku mwanamke haendi kwa sababu ya hatari ya njiani. Mpango wa Mukuru ulielekea kwenye mfumo rahisi wa maji taka: mabomba membamba, yaliyofukiwa kina kifupi, yanayopita katikati ya ploti badala ya kungoja barabara pana, na vyoo vya kuvuta maji ndani ya ploti zenyewe. Mfumo wa aina hiyo ulikuwa umetumika kwa miaka mingi Brazil. Uzuri wake kwa Mukuru ni gharama na nafasi. Ugumu wake unarudi kwa majirani tena: bomba likipita chini ya ploti tano, likiziba katika ya tatu, zote zinaumia. Mfumo huo haudumu bila makubaliano ya nani anasafisha na nani analipa. Kwa maneno mengine, kile kikundi cha kaya kumi kilichoundwa kwa ajili ya mikutano kilikuwa pia sehemu ya bomba, ingawa sioni kama kila aliyechora mpango alilitazama hivyo tangu mwanzo.

Mwenye chumba na mwenye ploti

Kuna swali ambalo masimulizi ya kusifu huliruka. Kama zaidi ya asilimia 90 ya wakazi ni wapangaji, na mabanda ni ya watu wengine, ambao baadhi hawaishi Mukuru, mkutano wa kaya kumi unamsikiliza nani?

Kwa mpangaji, choo ndani ya ploti ni jambo jema hadi kodi inapopanda. Kwa mwenye ploti, barabara ikikata vyumba viwili kati ya vyake sita, ni theluthi ya mapato, na hana hati ya kudai fidia. Anayeuza maji kwa mtungi, ambaye pengine ana kijana wa mtaa wa kulinda bomba lake, anapoteza kazi yote siku bomba rasmi linapofika. Hawa wote ni majirani, na wote wana haki ya kusema. Lakini nguvu zao si sawa. Mpangaji anaweza kufukuzwa wiki ijayo kwa kusema sana.

Kuhesabu kwa kaya, badala ya kuhesabu kwa ploti, kulikuwa uamuzi wa kisiasa ingawa haukutajwa hivyo. Kama ngazi ya kwanza ingekuwa wenye ploti kumi, Mukuru ingekuwa na kikao cha malandlodi. Kwa kuwa ilikuwa kaya, mpangaji wa chumba kimoja alipata kura sawa na mwenye vyumba ishirini. Naona huo ndio uamuzi wa maana kuliko yote katika kisa hiki, na unastahili kujadiliwa zaidi ya idadi ya warsha au picha za watu wenye kalamu za rangi.

Hata hivyo mpango wa matumizi ya ardhi hautoi umiliki. Hati za zile kampuni zilibaki pale zilipokuwa. Mikutano iliweza kusema bomba lipite wapi. Haikuweza kusema ardhi ni ya nani.

Magavana, jenerali na tingatinga

Tangazo la Agosti 2017 lilitolewa gavana akiwa Evans Kidero. Mwezi huohuo Mike Sonko alishinda uchaguzi na kuapishwa. Mpango ukavuka. Hilo si dogo, maana miradi ya mtangulizi Nairobi hufa haraka, na naamini ulivuka kwa sababu ya wale watu wa kumi kumi, ambao hakuna gavana anayetaka kuwaudhi.

Februari 2020 Sonko alitia saini kukabidhi kazi kubwa za kaunti kwa serikali ya taifa, na mwezi uliofuata ikaundwa Nairobi Metropolitan Services, chombo cha kuendesha kazi hizo, chini ya Meja Jenerali Mohamed Badi. Kwa Mukuru mwanzoni ilionekana neema. Mpango ulikuwa tayari mezani, na taasisi yenye fedha na amri ilikuwa ikitafuta kazi ya kufanya haraka. Barabara zikaanza kufunguliwa, visima vikachimbwa, hospitali zikajengwa, mabomba ya maji taka yakaanza kulazwa. Kwa mara ya kwanza watu waliokaa kwenye vikao vya 2018 waliona mistari ya ramani ikigeuka lami.

Neema hiyo ilikuja na kasoro yake. Mikutano ilikuwa imejengwa ili kuzungumza na kaunti: na idara zake, na madiwani wake, kwa sheria inayoibana kaunti. Sasa mtendaji alikuwa chombo kilichowajibika kwa Ikulu. Chombo hicho kilichukua kutoka kwenye mpango kile kilichokifaa. Hakikuwa na sababu ya kurudi kwenye sehemu 13 kuuliza.

Mwishoni mwa 2021 ilijulikana maana ya hilo. Kuanzia Oktoba, matingatinga yaliingia Mukuru kwa Njenga kufungua njia ya barabara ya Catherine Ndereba, katika kipindi ambacho barabara kuu mpya ya kulipia ilikuwa ikikamilishwa upande ule wa jiji. Ubomoaji ulizidi ukanda wa barabara, na watu wanaokadiriwa kufikia 40,000 wakabaki bila makao. Familia zililala kwenye mahema juu ya sakafu za nyumba zao za zamani. Mwishoni mwa Desemba maandamano yalikutana na risasi za polisi, na watu wakafa.

Eneo hilo lilikuwa ndani ya eneo maalumu la mipango. Lilikuwa na vikundi vyake vya kaya kumi, na wawakilishi wake walikuwa wamekaa vikaoni kubishana kuhusu upana wa vichochoro. Barabara iliyowabomolea haikuhitaji kupita katika kikao chao, kwa sababu iliamuliwa mahali ambapo kikao hicho hakikuwa na kiti.

Wanaobeza husimama hapa na kusema: mnaona, mikutano haina kazi. Mimi nasoma tukio hili tofauti kidogo. Mfumo wa Mukuru ulikuwa imara upande wa kukusanya maoni na dhaifu upande wa kufunga mikono. Tangazo la eneo maalumu lilisimamisha ujenzi wa watu binafsi. Halikuweka popote kwamba mamlaka nyingine ya serikali, ya barabara au ya usalama, ikitaka kugusa eneo hilo lazima ipitie kwenye jukwaa la sehemu husika kwanza. Mwaka 2017, wakati kila mtu alikuwa na hamu ya kupata tangazo, kipengele hicho kingeweza kudaiwa. Kufikia 2021 kingehitaji mahakama.

Jambo la pili ni muda. Vikundi hivi viliundwa kwa ajili ya kuandaa mpango. Mpango ulipokwisha kuandikwa, wahamasishaji walipunguzwa, wafadhili wakaelekea kwingine, na kikundi cha kaya kumi kisicho na ajenda huacha kukutana. Wapangaji huhama pia. Kaya kumi za 2018 kufikia 2021 zinaweza kuwa zimebaki nne. Vikundi vya akiba hudumu kwa sababu kila wiki kuna fedha ya kuhesabu. Kikundi cha kupanga mtaa kinahitaji kitu chake cha kila wiki, na Mukuru kilikuwepo tayari: lile bomba la maji taka la pamoja, lenye ada ya matengenezo na zamu ya kulizibua. Kuviunganisha viwili hivyo kisheria, kwa mkataba kati ya kundi la kaya mia na kampuni ya maji ya jiji, kungewapa watu sababu ya kuendelea kukutana na kungewapa nambari ya akaunti ambayo ofisi yoyote ingelazimika kuitambua.

Baada ya hapo

Nairobi Metropolitan Services ilimaliza muda wake Septemba 2022 na kazi zikarudi kaunti, kwa gavana mpya Johnson Sakaja. Mvua kubwa za Aprili na Mei 2024 zilileta mafuriko kando ya mito ya Nairobi, Mukuru ikiwemo, na amri ya serikali ya kuwaondoa watu kwenye kingo ikafuatwa na matingatinga tena. Safari hii pia uamuzi ulitoka juu, kwa kipimo cha mita kutoka mtoni, ilhali mpango wa Mukuru ulikuwa na kundi zima la mazingira lililowahi kukaa na wakazi wa kingo hizo.

Mei 2025 Rais William Ruto alikabidhi nyumba 1,080 za kwanza za mradi wa nyumba nafuu wa Mukuru, kandokando ya Enterprise Road, na nyingine maelfu zikiwa kwenye mpango. Kwa familia iliyotoka kwenye chumba cha mabati na kuingia nyumba yenye choo chake na bomba lake, hakuna uchambuzi wa kumwambia kwamba hajapata kitu. Lakini njia ya kufikia nyumba hizo ni tofauti kabisa na ile ya 2017. Mtu hujiandikisha mwenyewe kwenye Boma Yangu, mtandao wa serikali wa kuomba nyumba nafuu, kwa simu yake na nambari ya kitambulisho chake, huweka akiba yake, na hungoja jina lake. Fomu haiulizi unaishi na nani, jirani zako ni akina nani, wala mlikubaliana nini kuhusu kichochoro chenu.

Walio wengi Mukuru wataendelea kuishi kwenye mabati kwa miaka mingi, kwa sababu 1,080 ni takribani asilimia moja ya kaya zilizohesabiwa. Ramani za sehemu 13 bado zipo. Barabara kadhaa zilizochorwa bado hazijafunguliwa, mabomba hayajafika vijiji vyote, na wawakilishi wengi wa mia wangali wakiishi palepale, wakijua kwa hatua ngapi kila mstari unapita nyumba ya nani.